Siku Tisini Bila Amri

Anayetaka kuingia Kikosi cha Washauri lazima amalize siku tisini bila kumwamuru mtu yeyote, hata nyumbani kwake. Washauri wakifika kwa majeshi ya nchi nyingine hawaamuru, huuliza tu. Mume wangu, Sajini Lubeleje, alivalishwa bangili inayosikiliza. Akisema “lete” au “nyamaza”, ingelia na jina lake lingefutwa.

Jamani, nilishukuru! Mtu aliyekuwa akifoka kwa sababu ya chumvi sasa aliniuliza, “Mama Tumsifu, wewe unaonaje?” Binti yetu alipomwagia uji buti za baba yake, baba alifumba macho, akauliza, “Tufanyeje zikauke?” Mtoto mwenyewe akakimbilia kitambaa.

Jana alifaulu na bangili ikavuliwa, lakini upole umebaki.

“Asante, mke wangu,” alisema. “Mazoezi yote nimeyafanyia kwako.”

Nilicheka, nikaingia jikoni. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba cherehani yangu nilimpa jirani, dada yangu nilimwambia asije tena, na Jumamosi tunahamia kwa mama mkwe. Yote niliyaamua mwenyewe, baada ya kuulizwa.

Nilimpelekea chai. Hakuwa ameiomba.