Bunduki ya Kabatini

Ishbel aliilaza mezani bunduki ya marehemu mumewe, katika ukumbi wa klabu ya raga ambamo polisi walikuwa wakipokea silaha zilizopigwa marufuku.

"Wakishakuandika hawa, wanakujua mpaka uvunguni," jirani yake alinong'ona kwenye foleni.

"Waje basi wanifagilie."

Askari alisoma namba ubavuni mwa bunduki, akaiingiza kwenye kompyuta. Akairudia namba ile mara ya pili.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Kabatini, asubuhi hii. Mume wangu alikuwa nazo mbili. Nyingine si alipotea nayo milimani mwaka juzi, akiwinda kulungu? Hawakumpata yeye wala bunduki."

Askari alimgeuzia kioo cha kompyuta. "Aliyopotea nayo ndiyo hii. Ile aliyoiacha kabatini iko wapi?"

Ishbel akainama. Chuma kilinukia mafuta mapya. Mdomoni mwa mtutu kilikuwa kimenasa kipande cha jani la kangaga, mmea wa milimani, kibichi, kingali na umande.

"Kabati lina funguo ngapi, mama?"

"Mbili. Mmoja ninao mimi."

"Na wa pili?"

Ishbel akalitazama tena lile jani.

"Mume wangu alikuwa akiuvaa shingoni."