Basi la Nne

Bi Mwanaheri alipanda mabasi matatu kufika makumbusho, na ndani akakuta la nne: basi kuukuu, limewekwa ukumbini litazamwe. Miguu ikimuuma, akapanda, akaketi dirishani. Wageni wengine walipomwona ametulia, kikapu mapajani, nao wakakimbilia kuwahi viti.

Mlinzi, Shomari, akaja mbio. "Bibi, shuka! Basi hili lina miaka arobaini halijaondoka!"

"Litaondokaje, mjukuu wangu, na halijajaa?"

Shomari akachungulia ndani. Kilikuwa kimebaki kiti kimoja tu, cha kondakta, pale mlangoni. Naye alikuwa amesimama tangu asubuhi. Akaketi, akashusha pumzi, na mkono wake, bila kumuuliza, ukagonga bati mara mbili.

Abiria wote wakashikilia vyuma.