Sikukuu Bila Ugomvi

Alijidunga dozi kubwa kuliko zote alizowahi kujidunga, akashusha shati, akajitazama kwenye kioo cha bafu la mama yake. "Leo hakuna ugomvi," akakinong'oneza kile kioo.

Alikuwa fundi friji, mtu mzima mwenye mvi zake mbili tatu, lakini katika nyumba hii aliitwa Kitinda tu, kwa kuwa ndiye aliyefunga kizazi. Na kisukari chake, kwa mama, hakikuwa na jina kabisa.

"Katika ukoo wetu hakuna ugonjwa huo," mama alizoea kusema huku akimrundikia wali. "Hayo ni mambo ya watu wenye nafasi ya kwenda kupimwa kila kukicha."

Basi kila sikukuu ilikuwa vita. Yeye anasukuma sahani, mama anairudisha. Mwaka jana maji yalizidi unga: Kitinda alimwambia mama, mbele ya wageni, kwamba anamuua kwa sukari yake, akaondoka bila kuonja kitu. Mama alilia. Miezi ikapita hawasemezani, mpaka dada yake alipoingia kati.

Mwaka huu alikuja na mpango. Hatabishana. Atakula kila atakachopewa, na insulini itapita nyuma ikifagia. Sahani ya mama aliijua kama alivyojua mabomba ya friji: mlima wa wali, viazi, kipande cha keki kama tofali, na ile juisi ya malimau, tamu mpaka midomo inanata. Alipiga hesabu ya vyote, na mama alipoita, "Jamani, mezani!" akaingia bafuni na sindano yake.

Alipotoka, aliwakuta wameketi, lakini vyungu vimefunikwa.

"Tunamngoja mjomba," alisema mama. "Amepiga simu. Yuko kona."

Kitinda alimjua mjomba. Mjomba akisema yuko kona, huenda bado anatafuta soksi. Na katika nyumba hii hakuna aliyewahi kufunua chungu kabla kaka mkubwa wa mama hajakaa.

Insulini bila chakula ni shimo. Sukari ya mwilini huporomoka, na mtu asipopata kitu kitamu upesi, huporomoka nayo. Angeweza kusema. Maneno mawili tu: nimeshajidunga. Lakini aliutazama uso wa mama, jinsi ulivyokunjuka, akayameza.

Mama akaingia jikoni, na kutoka huko ikamjia Kitinda sauti ya dada yake, chini chini. "Mama, si umwambie tu?"

"Nyamaza wewe. Nitamwambia mwenyewe, akishakula."

Haya, akawaza Kitinda. Mahubiri yananingoja.

Jasho la kwanza lilimtoka shingoni, la baridi. Vidole vikaanza kucheza juu ya kitambaa cha meza. Peremende zake za dharura zilikuwa mfukoni mwa koti, na koti mama alishalipeleka chumbani kulitundika. Si neno. Jagi lilikuwa mbele yake, limejaa.

"Mama, naomba juisi," alisema mama aliporudi mezani.

Mama aligeuka kama mtu aliyeitwa kupokea zawadi. "Juisi yangu? Wewe?"

"Nina kiu."

Akammiminia bilauri hadi ukingoni, akasimama kando yake akimtazama anavyokunywa. "Ni tamu? Tamu kama ya siku zote?"

"Tamu sana, mama." Na kweli ilikuwa tamu. Kitinda akashusha pumzi. Bilauri moja ya juisi ya mama ingeweza kumwamsha maiti. "Hebu niongezee."

"Leo Kitinda ameokoka!" alisema shemeji, mume wa dada yake, na meza nzima ikaangua kicheko. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya nguo.

Kitinda akangoja. Alijua sukari si umeme. Huchukua muda kufika. Lakini mtetemo ulipanda kutoka vidoleni hadi viwikoni, na sauti za watu zikaanza kusogea mbali, kama redio ya jirani. Simu ya mama ikaita. Mjomba. Yuko kona, ila kona nyingine.

"Tena," alisema, au alidhani amesema. Bilauri ikaja. Nusu ilimwagika kifuani, na mama akampangusa taratibu, kama alivyokuwa akimpangusa utotoni.

"Polepole, mwanangu. Ipo tele."

Mbona haifanyi kazi? Wazo lilimpitia, akalinyakua, likamponyoka. Koti. Alitaka kusema koti. Ulimi ulikuwa mzito kama si wake.

"Ko... ko..."

"Kona!" shemeji akadakia. "Anauliza mjomba yuko kona gani!"

Wakacheka tena. Kitinda alisikia kicheko hicho kikitoka chini ya maji. Kichwa kikamlemea. Mama akavuta kiti, akaketi ubavuni mwake, akakiegemeza kichwa kile begani mwake. Zamani sana ndiyo mara ya mwisho mwanawe huyu kumwegemea hivi. Machozi ya furaha yakamlengalenga, na ile subira aliyojiwekea jikoni ikamwishia. Akamsogezea bilauri midomoni.

"Kunywa, baba, usiogope," alimnong'oneza. "Mwaka huu nimekusikia. Nimetia ile tamu ya bandia ya duka la dawa. Humo hamna sukari hata chembe."