Wimbo wa Emma

Mkoba wa njano ndio uliokuwa alama yao ya kutambuana. Mourine aliupakata katika kihoteli kimoja cha Sharafiya, Jeddah, chai ikipoa mbele yake, na kwa mara ya kwanza akaomba Hezron asije.

Hakuna Mkenya wa Jeddah asiyeujua wimbo wa Hezron. Aliuimba ndani ya gari la bosi aliyekuwa akimwendesha huko Riyadh, akaurekodi kwa simu, akamtumia mpenzi wake Emmaculate, aliyekuwa mfanyakazi wa ndani mtaa wa Al-Safa, hapo Jeddah. Emmaculate aliwasikilizisha wenzake, nao wakausambaza. Miaka imepita, na bado madada wa kazi huuimba wakipiga pasi, na huko Kenya huchezwa harusini. "Ningoje, Emma, hata nikichelewa." Ni soul ya polepole, ya mtu aliyechoka na kila kitu isipokuwa kupenda. Ukisema mapenzi ya kweli hayapo, utaambiwa ukamuulize Emma.

Shida ni kwamba Emma alisharudi Bungoma, akaolewa na mwingine.

Madam wa nyumba aliyofanya kazi Emma hataki wafanyakazi wawe na simu. Kwa hiyo ipo moja tu, ya siri, ndani ya gunia la mchele, na anayeondoka humwachia anayeingia. Emma alimwachia Mourine simu hiyo na agizo moja: "Huyo wa Riyadh akinitafuta, mwambie halas, imeisha. Mimi sina nguvu ya kumwambia."

Mourine naye hakuwa nayo. Simu ilikaa kimya majuma kadhaa, kisha ujumbe ukaingia: "Emma, uko?" Mourine alikuwa ametoka kusugua ngazi, mgongo unawaka moto, na tangu asubuhi hakuna aliyemwita ila kwa "yalla", haraka. Akajibu, "Niko."

Tangu hapo aliimbiwa kila Ijumaa. Sauti ilikuwa na mikwaruzo zaidi kuliko ile ya kwenye wimbo; mwenyewe alisingizia vumbi la Riyadh. Maneno mengine aliyasahau, wakacheka. Habari za zamani hakuziuliza hata siku moja, na Mourine alimshukuru Mungu kwa hilo. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ya Mourine yalifichika vizuri tu kwenye mchele. Lakini alimpenda, akachoka kupendwa kwa jina la mtu mwingine.

Sasa bosi wa Riyadh alikuwa ameileta familia yake Jeddah kwa gari. Kuingia Makka walimchukua dereva Mwislamu, kwa kuwa dereva wao ni Mkristo na haruhusiwi. Akabaki na alasiri nzima mkononi. Mourine naye alimwambia madam kwamba anakwenda kutuma pesa nyumbani.

Mwanamume mwenye kofia nyekundu aliingia, macho mazito kwa safari. Aliutazama mkoba, akaja, akakaa polepole.

"Emma?"

"Wacha niseme kabla nishindwe," Mourine alisema. "Mimi si Emma. Naitwa Mourine. Emma alienda home, akaolewa. Simu aliniachia, akasema ukimtafuta nikuambie halas. Nikashindwa. Nisamehe, Hezron. Nisamehe sana."

Alingoja atukanwe. Mwanamume alivua kofia, akajifuta uso nayo, kisha akaiweka simu yake mezani, karibu na chai.

"Hii huwa ni ya gari," alisema. "Dereva akienda home, inabaki na gari. Hezron akinipatia funguo aliniambia kuna dem wa Jeddah, nimwambie halas."

Akaikunja kofia mapajani.

"Nilikuwa nimeanza kukuambia. Nikauliza kama uko. Ukasema uko."