Shati Lililobaki Kabatini

Mbweha alikuwa amefukua tena miche ya mawaridi, safari hii chini kabisa ya shati la marehemu mume wangu, nililolitundika kwenye mti ili harufu ya mwanamume imtishe.

Nililishusha, nikainusa kola. Lilinuka jua na mvua, basi. Mbweha alijua kabla yangu.

“Mama, si limebaki moja kabatini?” binti yangu akauliza. “Tundika hilo.”

Hilo nimelifunga kwenye mfuko wa plastiki, halijafuliwa, kwapani lina jasho lake bado. Nikalileta hadi mlangoni. Nikalegeza fundo kidogo, nikavuta pumzi, nikalikaza upesi.

“Mama, maua yote yatakwisha.”

“Mwache achimbe, mwanangu.”