Pumzi ya Kuazima

Siku hizo kila mgonjwa wa skizofrenia alikuwa na mkeka wa yoga uliopima pumzi zake. Ukiwaka mwekundu, gari la wodi lilikuja kumchukua. Asubuhi hiyo Saumu alijikunyata nyuma ya kabati, akibishana na sauti za kichwani mwake.

“Mwanangu, njoo ujinyooshe, mkeka unakungoja,” mama yake, Bi Mize, akamsihi.

“Wamenikataza, mama.”

Mkeka ukaanza kuiva wekundu. Bi Mize akajifunga kibwebwe, akajilaza yeye mkekani, magoti yakilia kama mlango mbovu, akavuta pumzi polepole. Mkeka ukarudi kijani.

“Hongera, Saumu,” ukasema. “Umepona. Kuanzia leo dawa zako zimesitishwa.”

Bi Mize akabaki chali, asithubutu kuinuka.

Nyuma ya kabati, Saumu akauliza, “Mama, mbona wanacheka?”