Moto wa Pili

Ilipokaribia saa nne asubuhi, Mzee Spana alilaza viganja vyake juu ya meza, akasubiri mwanawe apite angani.

Masikio aliyaacha kwenye injini za ndege za kivita, miaka thelathini ya kuzitengeneza. Macho nayo yakafuata. Siku hizi mkewe huzungumza naye kwa kumwandikia kiganjani kwa kidole. Lakini ndege bado aliijua. Kwanza meza hutetemeka. Kisha rubani humwaga mafuta nyuma ya injini, kwenye moshi ambao bado una hewa ya kuyaunguza, moto wa pili huwaka, na ndege husukumwa mbele kama iliyopigwa teke. Teke hilo lilikuwa likifika mpaka mezani. Ndiyo ilikuwa salamu ya mwanawe kila akipita juu ya nyumba.

Miezi saba sasa meza ilitetemeka tu, teke hakuna. Mzee alijipa moyo kwamba kijana anabana mafuta. Au amekasirika, maana hata nyumbani haji. Hilo lilimuuma mno, chakula kikawa hakipiti.

Mwezi yalipoanza mambo hayo, mkewe, fundi wa kushona, alidai chumba kimekuwa kidogo, akasogeza cherehani yake ikagusana na meza. Wageni nao walimiminika, kila mmoja akimshika mzee bega na kukawia kumwachia. Wanakupa pole ya macho, mkewe aliandika, na kidole chake kilikuwa kimelowa.

Jana mzee alishindwa kuvumilia.

"Mama, mpigie simu mwanao," alimwambia mkewe. "Mwambie kesho awashe moto wa pili, hata mara moja tu. Kama nilimkosea, anisamehe."

Kidole kikaandika kiganjani: Sawa.

Sasa meza ilianza kutetemeka. Mzee akatabasamu, akabana pumzi. Mtetemo ukapanda, ukapanda tena, vikombe vikachezacheza kuliko siku zote. Teke halikuja. Mtetemo ukazidi kupanda, ukisitasita kama mtu aliyechoka miguu.

Mzee alinyoosha mkono polepole pembeni ya meza mpaka ukagusa gurudumu la cherehani, likizunguka kwa kasi. Akalisimamisha.

Kisha akafungua kiganja mbele ya mkewe.

"Niandikie siku aliyoanguka."